Kahawa Moja, Midomo Miwili

Shati lile alilishona Koku mwenyewe. Kitambaa cha zambarau, vifungo vyeusi, kola ya kusimama. Alipofika kwenye kola alipunguza mwendo wa cherehani, maana kola ndiyo inayogusa shingo, na shingo ile alikuwa anaijua. Sasa amesimama katikati ya uwanja wa mpira wa Ihanda, jua la saa tisa linamchoma utosini, na juu ya jukwaa kuna mikono ya mwanamke mwingine imetulia kwenye kola yake.

Mikono yenyewe ina kucha ndefu, nyekundu, zinang'aa mpaka huku chini.

"Mawe!" Nikuze, fundi mwenzake, akamshika kiuno. "Koku, yule si Bella? Bella wa kwenye tamthilia?"

"Namuona."

"Kumbe ni mzuri hivi! Kwenye runinga alikuwa katoto tu kenye mapengo."

"Nikuze, nimesema namuona."

Nani asiyemjua Bella? Na nani asiyemjua Mpweke? Zamani, wakati Koku anasoma darasa la tatu, kijiji kizima kilikuwa kinajazana kwa mwalimu mkuu kuangalia tamthilia ya *Dirisha la Jikoni*. Mpweke alikuwa mtoto yatima aliyelala nje ya nyumba ya tajiri. Bella alikuwa mtoto wa yule tajiri, na kila jioni alimpitishia chakula dirishani. Mpweke akipokea sahani, chozi moja lilikuwa linamtoka jicho la kushoto, linateremka taratibu, na Tanzania nzima inalia naye. Hakuna mtoto aliyejua kulia kama yule. Mama zetu walikuwa wanapuliza pua kwenye kanga zao na kusema, jamani, mtoto wa watu!

Mpweke huyo jina lake la ubatizo ni Nolasco, wa Isingiro huko Kyerwa. Alipobalehe sauti ikawa nzito, ndevu zikaota, na wale watu wa kamera wakaacha kumpigia simu. Akarudi nyumbani, akaendesha bodaboda. Abiria wakawa wanamwambia, "Mpweke, hebu lia kidogo tukuone," naye anacheka, anakanyaga gia. Halafu akaanza kuimba. Ile sauti nzito iliyomnyima kazi ndiyo ikampa kazi nyingine. Wimbo wa kwanza ukachezwa kwenye baa zote kuanzia Isingiro hadi Kayanga, na wa pili ukafika mpaka Dar.

Na Koku akampenda, siyo Mpweke, Nolasco. Alikuja kibandani kwake kutengenezewa zipu ya suruali, akakaa kwenye benchi amejifunga shuka la Koku kiunoni kama mzee wa msiba, wakacheka mpaka jioni. Hayo ni ya mwaka juzi. Jumamosi ijayo ndugu zake wanakuja kwao Koku, Chonyonyo, na rubisi, pombe ya ndizi, kumposa.

Jumamosi ijayo! Na leo Jumamosi hii, Sperancia, maana Bella naye ana jina lake, ameletwa kutoka Dar na waandaaji wa tamasha kama zawadi ya kushtukiza, na uwanja umepasuka kwa kelele.

"Mpweke na Bella! Mpweke na Bella! Waoaneee!"

Waimbaji walikuwa wawili, wimbo mmoja. Nolasco akafika kwenye ule ubeti wa mtoto aliyesahauliwa nje, akafumba macho. Na chozi likatoka, jicho la kushoto, lilelile. Wanawake wakapiga vigelegele. Sperancia akalifuta kwa kidole gumba, polepole, kama mtu anayefuta vumbi kwenye picha yake mwenyewe.

Koku akaanza kuhesabu. Miaka miwili! Miaka miwili wamecheka, wamegombana, amemuuguza malaria, wamemzika babu yake Nolasco. Hata siku moja hajamuona akidondosha chozi. Kumbe machozi anayo. Ana mtu wake wa kumlilia.

"Ni kazi tu, shoga," Nikuze akasema, lakini mwenyewe sauti ilikuwa haina nguvu.

Basi Sperancia akaingiza mkono kwenye pochi, akatoa kifurushi kidogo kimefungwa kwa jani kavu la mgomba. Kila mtu uwanjani akakijua. Akamwani, zile kahawa zilizochemshwa na maganda yake zikakaushwa, ambazo hakuna mgeni wa Karagwe anayeingia nyumbani asipewe atafune. Akachagua tunda moja. Akalipasua kwa meno. Ndani ya tunda la kahawa mna punje mbili zimelaliana kama mapacha. Punje moja akaiweka kwenye ulimi wake. Ya pili akaipeleka kwenye mdomo wa Nolasco.

Na Nolasco akafungua mdomo. Hakusita, hakushangaa. Akafungua kama mtoto anayelishwa na mtu wa kwao.

Uwanja ukalipuka. Ila wazee wawili waliokaa kwenye benchi la mbele wakaacha kucheka, wakatazamana. Koku aliwaona, akajua wanamuonea aibu yeye.

Hapo ndipo Nolasco akafungua macho, na katika watu wote wale macho yake yakaanguka juu ya Koku. Yakamganda. Koku akamtazama mpaka alipohakikisha ameona. Halafu akageuka, akaanza kupenya kwenye watu, viwiko mbele.

"Koku, ngoja! Koku, kiatu chako!"

Hakungoja. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na nguo yenyewe alikuwa ameishona kwa mkono wake.

Kwenye bodaboda, njia nzima ya Chonyonyo, simu ilikuwa inatetemeka mfukoni. Hakupokea. Alipofika nyumbani akaandika maneno mawili tu, akatuma, akazima.

*Jumamosi msije.*

* * *

Jumapili baada ya misa habari ilikuwa imeshafika, tena imefika imevaa na viatu. Baba yake, mzee Rweyemamu, aliingia uani akiwa na fimbo yake, akakaa kwenye kigoda, akakohoa.

"Nasikia mkwe wangu amelishwa."

"Mwache mtoto," mama Benadeta akasema kutoka jikoni. "Hajala tangu jana."

"Si yeye asiyekula? Mwenzake amekula." Akajicheka mwenyewe, kisha uso ukakaza. "Kokushubira, mwanangu. Mimi nilikwambia nini? Nilikwambia mtu aliyelipwa kulia tangu ana miaka tisa, huyo simuelewi. Siku nikifa atakuja msibani kwangu, atalia kuliko nyie wote. Mimi nitajuaje kama ananililia kweli?"

"Ukishakufa utajuaje chochote?" mama akajibu.

"Nitajua! Baba mkwe lazima ajue!"

Koku alikuwa ameinamia sufuria analisugua na majivu. Lilikuwa limeshatakata zamani, lakini alikuwa anasugua tu. "Taata, hayo yameisha. Nimemwambia wasije."

Mzee akamtazama. Hakufurahi kama Koku alivyotegemea. Alizungusha fimbo mavumbini, akasema taratibu, "Umemwambia kwa mdomo au kwa simu?"

"Kwa simu."

"Kwa simu mtu anakataa kununua vocha. Mchumba hakataliwi kwa simu."

Kabla Koku hajajibu, gari likasikika. Lilikuwa linakuja kwenye kile kinjia cha katikati ya migomba ambacho hata pikipiki zinapita kwa kuomba, majani yanakwangua madirisha kwaa, kwaa. Gari dogo, jeupe. Likasimama mbele ya mti wa kahawa. Na kwenye usukani, Mungu wangu, amekaa Sperancia. Pembeni yake Nolasco, amevaa shati lilelile la zambarau, limekunjamana kama amelala nalo.

Sufuria likamponyoka Koku. "Amekuja na gari lake! Ameletwa kama mzigo wa ndizi! Hana aibu huyu?"

"Tulia," mama akamwambia kwa sauti ya chini. "Wageni wanasalimiwa kwanza. Matusi yapo tu, hayaozi."

Nolasco akashuka, akaja mpaka mbele ya mzee, akachuchumaa. "Shikamoo, taata."

"Marahaba. Mshenga wako Yustus yuko wapi?"

"Yuko Isingiro, sijamwambia. Najua mkwe haji hivi, waitu, naomba unisamehe. Koku hapokei simu."

Sperancia naye akaja nyuma. Alitaka kupiga magoti kama mtoto wa kike anavyosalimia, lakini suruali ilikuwa imembana, akabaki ameinama nusunusu anatafuta pa kushika. Mama Benadeta akatoka jikoni, akampa kanga bila kusema neno. Sperancia akaifunga, akapiga magoti vizuri. "Shikamoo, baba. Shikamoo, mama."

Kanga yenyewe ilikuwa ya Koku. Ile mpya. Koku alimtazama mama yake mpaka basi.

Mzee hakuwakaribisha kukaa. Alimuelekezea Nolasco fimbo. "Hebu lia."

"Taata?"

"Lia. Si ndiyo kazi yako? Jana umelia mbele ya uwanja mzima. Leo umemuudhi binti yangu, lia na hapa tukuone."

 Kuku alivuka katikati yao. Koku alikuwa anamwangalia Nolasco jicho la kushoto, hajui hata mwenyewe anaomba chozi litoke au lisitoke.

"Hapana, taata," Nolasco akasema. "Hapa silii. Mimi nikilia nipo kazini. Nilifundishwa kulia na watu wazima, walikuwa wananiambia fikiria mama yako amekufa, halafu wanawasha kamera. Mama yangu alikufa mara nyingi sana, taata, na kila nikirudi nyumbani namkuta anapika. Siku hizi machozi yakitoka sijui ni yangu au ni yao. Hapa sijaja kazini."

Mzee akashusha fimbo. Alivuta kigoda cha pili kwa mguu, akakisukuma kuelekea kwa Nolasco. Nolasco hakukaa. Alikuwa amemgeukia Koku.

"Naomba nizungumze naye, taata. Hapohapo kwenye kahawa, mtuone."

"Nenda. Lakini nikiona majani yanatikisika, nakuja."

Wakasimama kwenye mti wa kahawa, hatua chache tu. Matunda yalikuwa yameanza kuwa mekundu. Koku akakunja mikono kifuani.

"Sema haraka, nina vyombo."

"Koku, sikujua kama anakuja. Waandaaji walimficha mpaka dakika ya mwisho."

"Na mdomo wako? Nao walikuficha?"

"Ile akamwani..."

"Uliufungua, Nolasco! Mimi nilikuwa nakuangalia. Hukusita hata kidogo! Siku ile nilipotaka kukulisha keki kwenye harusi ya Nikuze, ulisema unaona aibu, watu wanatuangalia. Kumbe watu wa Ihanda nzima si watu?"

"Yule ni kama dada yangu."

Koku akacheka, kicheko kibaya kabisa. "Kama dada! Wanaume wote wana kama dada. Mwenye baa ana kama dada, dereva wa lori ana kama dada. Dada gani ana kucha vile? Dada gani anakufuta machozi mbele za watu? Machozi ambayo mimi sijawahi kuyaona! Mimi niliyekukanda na maji ya moto ukiwa na malaria unatapika kwenye ndoo, mimi unanipa vicheko tu. Yeye anashuka tu kwenye gari, anapewa chozi."

"Hilo chozi nililompa yeye ni la kuuza."

"Basi na mimi niuzie!"

Nolasco akasogea. Alinyoosha mkono kumshika kiwiko, Koku akarudi nyuma, mgongo ukagota kwenye tawi. Walikuwa wanatazamana karibu mno. Koku aliona macho yake mekundu kwa kukosa usingizi, aliona kola imepinda upande mmoja, na pamoja na hasira zote vidole vyake vilitaka kuinyoosha. Alivikunja ngumi.

"Umempenda?" akauliza. Sauti ilitoka ndogo, ya mtoto.

"Hapana."

"Yeye je? Anakupenda?"

Nolasco alichelewa kujibu. Kuchelewa kule kulimchoma Koku kuliko punje ya kahawa.

"Jana usiku ameniambia ndiyo," akasema. "Ndiyo maana nimekuja naye. Nimemwambia, kama una neno, njoo ulisemee kwao Koku, mbele ya wazee. Sitaki maneno ya pembeni."

"Umeniletea mke mwenzangu nyumbani kwa baba yangu!"

"Nolasco!" Mzee alikuwa ameita. "Rudini hapa. Na wewe Koku. Hili jambo la kahawa mnalizungushia nini kule, wakati mwenye kahawa amekaa na mimi?"

Wakarudi. Sperancia alikuwa ameketi kwenye mkeka na ile kanga, amevua miwani ya jua aliyokuja nayo. Bila miwani alionekana amechoka, na chini ya rangi kope zake zilikuwa zimevimba. Koku hakutaka kuliona hilo lakini akaliona.

"Binti," mzee akamuuliza, "wewe ni wa wapi hasa?"

"Muleba, baba. Ila nimekulia Dar, tangu nilipoanza kuigiza."

"Muleba wana akamwani kama sisi. Ulipompasulia huyu kahawa jana, ulimaanisha nini? Usiniambie jukwaa. Mimi sina jukwaa hapa."

Sperancia akamtazama Nolasco, kisha Koku.  "Nilitaka watu waone," akasema. "Nilisikia anaoa. Nilisikia ni fundi cherehani wa huku. Dada, nisamehe, sikukujua. Nilitaka akumbuke kwamba kabla ya wewe, kabla ya nyimbo, mimi ndiye niliyekuwa nampa chakula. Watu wote nchi hii wanajua ni wangu. Kila nikipita sokoni wananiuliza, Mpweke hajambo? Miaka yote hiyo nimekuwa najibu hajambo, kama mke."

 Koku alikuwa amejiandaa kwa mwanamke mwenye majivuno, na huyu alikuwa anasema wivu uleule uliomkaba yeye tangu jana, neno kwa neno.

"Taata," Nolasco akasema. "Akamwani ya jana haikuwa ya kwanza."

Mama Benadeta akatoka jikoni na mwiko mkononi. "Eeh?"

"Tulipokuwa watoto, tulipiga picha za tamthilia Muleba, nyumbani kwa bibi yake Sperancia. Tukaona wazee wawili wanafanya omukago. Wanachanja karibu na kitovu, wanapaka damu kwenye punje za kahawa, kila mmoja anameza ya mwenzake. Bibi akatuambia, hao sasa ni ndugu, hawatatupana mpaka kufa. Mimi nilikuwa peke yangu kule, taata. Sina kaka, sina dada, mama yuko mbali. Tukaiba wembe wa fundi nywele, tukaingia migombani, tukafanya."

"Kwa damu?" mzee akauliza.

"Kwa damu. Alama ninayo, karibu na kitovu."

"Na wewe binti?"

Sperancia alikuwa ameweka mkono tumboni bila kujua. "Ulikuwa mchezo," akasema. "Mama alituchapa wote, akasema ni mambo ya kishenzi, tusilitaje tena. Baba, nilikuwa na miaka minane! Ulikuwa mchezo wa watoto!"

"Kwani damu ya mtoto ni maji?"

 Mzee Rweyemamu akasimama. Alikuwa mfupi, lakini pale alionekana mrefu.

"Ndiyo maana wale wazee wa jana walikuja kuniuliza baada ya misa. Waliniambia, tumeona jambo, hatukulielewa. Wao walidhani anaanza undugu naye mbele ya watu. Kumbe alikuwa anaurudia! Binti wa Muleba, nyie vijana mmesahau, mnadhani kulishana kahawa ni kama kulishana keki. Tunda moja, punje mbili, ni mama mmoja, watoto wawili. Ukitaka mwanaume awe mume wako, mpe chochote, mpe ndizi, mpe nyama, mpe hata sumu. Lakini kwa hiyo kahawa umempa undugu. Mara mbili! Mara ya kwanza kwa damu, mara ya pili kwa mashahidi, tena umewaletea na spika!"

Mama Benadeta akashindwa, akacheka na mwiko mdomoni. Nolasco akainamisha kichwa. Na Koku, mwilini mwake mwote ukapita ubaridi mtamu, kama mtu aliyevuliwa kiatu kinachobana. Ni dada yake. Siyo kama dada. Ndiyo maana alifungua mdomo bila kusita.

Lakini kwenye mkeka Sperancia alikuwa analia, na hakuwa analia vizuri. Pua inatiririka, wanja unachora mistari mpaka kidevuni, anavuta pumzi kama ana kwikwi. Hakuna mtu wa kamera angetaka kulia kule. Nolasco akasogea, akamshika bega, akamwambia kwa Kihaya, polepole, maneno ambayo mtu humwambia mdogo wake.

Na wivu wa Koku, ambao ulikuwa umeshafungasha virago, ukageuka mlangoni ukarudi ndani.

"Na wewe usifurahi upesi," baba yake akamwambia, kana kwamba ameuona. "Ndugu wa omukago hanyimwi kitu. Akija kwako saa yoyote, unafungua. Akikuta chungu jikoni, anafunua, anakula. Akiugua, mumeo anaacha kila kitu anakwenda, na wewe hununi. Watoto wako watamwita shangazi. Hata mkosane, hafukuzwi. Ukimchukua Nolasco, unamchukua na huyu, mpaka kaburini. Mimi neno langu juu ya kijana limekwisha. Kukataa nilikuwa nakataa machozi, na leo amekataa kulia. Sasa ni wewe. Simu yako inasema Jumamosi wasije. Mdomo wako unasemaje?"

Wote wakamtazama. Nolasco alikuwa ameondoa mkono begani kwa Sperancia.  Alisimama tu, mikono inaning'inia, uso mkavu, na ile sauti yake inayolipiwa viingilio alikuwa hana hata ya kunong'oneza. Koku hajawahi kumuona hivyo. Alikuwa amezoea kumuona anajua la kufanya na uso wake.

Akawaza maisha yale. Gari jeupe limesimama mlangoni kwake sikukuu zote. Kucha nyekundu zinafunua sufuria zake. Mtoto wake anamkimbilia mwanamke aliyempenda baba yake kabla ya mama yake. Wivu huu hautakwisha, akajua. Utakuwa unakaa naye mezani kama mgeni wa kudumu.

Akajua vilevile kwamba bila Nolasco meza yenyewe haina maana.

Akaingia jikoni. Walimsikia anapekua. Akatoka na kikapu cha ndizi mbichi na visu viwili, akakaa kwenye mkeka mbele ya Sperancia, akamnyooshea kisu kimoja upande wa mpini.

"Wifi," akasema. "Kwenye nyumba hii wifi hakai tu. Menya."

Sperancia akamwangalia kwa macho yaliyochafuka wanja. Akapangusa pua kwa ncha ya kanga, ile kanga mpya, Koku akauma meno, kisha Sperancia akapokea kisu. Kucha nyekundu zikashika ndizi. Koku alisubiri kumuona akiaibika. Lakini mtoto wa Muleba ni mtoto wa Muleba tu, ganda likatoka mara moja, refu, halijakatika, ndizi ikaanguka kwenye maji, chubwi.

"Nilimpenda mimi kwanza," Sperancia akasema chinichini, ya kusikiwa na Koku peke yake.

"Najua."

"Sijui nitaacha lini."

"Hilo nalo najua." Koku akachukua ndizi nyingine. "Jumamosi watakuja na rubisi. Wanawake wa upande wao watapiga magoti kumuombea ndugu yao. Utakuja?"

Kisu cha Sperancia kikasimama. "Unataka nikuombe wewe umchukue Nolasco?"

"Ndiyo. Kwa mdomo wako. Mbele ya watu wote, upige magoti, useme tunaomba huyu awe mke wa kaka yetu."

"Wewe ni mkatili."

"Mimi ni mke wa kaka yako."

Nyuma yao Nolasco alivuta pumzi kama mtu aliyetolewa majini, na mzee Rweyemamu akaanza kumuuliza kwa sauti kubwa kama Yustus amekumbushwa kwamba rubisi ya watu wa Chonyonyo haichanganywi na maji.  Sperancia akamenya ndizi moja, na nyingine, na nyingine.

"Nitavaa gauni gani?" akauliza mwishowe. "Sina gauni la kupigia magoti."

Koku akampima kwa macho, mabega, kifua, kiuno, kama anavyopima wateja wake. Kiuno kilikuwa chembamba kuliko chake.

"Njoo Jumanne kibandani," akasema. "Nitakushonea. Refu, mpaka chini. Na shingo nitaifunga."